UZI: Mtoto aliye tumboni hanywi damu ya mama, anaitengeneza mwenyewe ndani ya ini lake

Fundi Slaidi:

Assalaam aleikum wana jukwaa, na wengine wote habari za jioni.

Juzi nimepita Ngamiani barabara ya 12 kumtazama mtoto wa dada yangu, ana mimba ya miezi mitano. Nikamkuta kakaa mkekani, sahani ya maini mbele yake, machozi yanamlengalenga. Mama mkwe yuko pembeni anamhimiza: "Kula mwanangu, huyo anakunywa damu yako, usipoirudisha atakuangusha." Siku ya nne hiyo. Asubuhi maini, jioni maini.

Yule mama simlaumu hata kidogo. Anampenda mkwewe, na pesa ya maini inatoka kwenye upindo wa kanga yake. Ila nilipofika nyumbani Makorora nilikosa raha, maana neno hilo nimelisikia miaka kumi na tisa niliyokaa maabara hapa Tanga, kwa wajawazito, kwa waume zao, mpaka kwa baadhi ya wenzetu wa afya. Mtoto anakunywa damu ya mama. Hanywi jamani. Damu iliyo ndani ya mtoto kaitengeneza yeye, na kwa muda mrefu wa mimba kaitengenezea ndani ya ini lake. Nitaeleza taratibu. Mwenye swali aulize.

Fundi Slaidi:

Tuanze na kondo la nyuma. Upande mmoja imejaa damu ya mama, upande wa pili inapita damu ya mtoto kwenye mishipa myembamba, na katikati kuna ukuta. Ukuta ule unapitisha hewa safi, sukari, madini ya chuma, hata kinga za mama. Seli za damu zenyewe hubaki kila moja kwao, ukiacha chache mno zinazopenya. Ndiyo sababu mama wa kundi O anazaa mtoto wa kundi A na kwa kawaida wote wawili wanatoka salama. Damu zingekuwa zinachanganyika, pasingekalika.

Sasa mtoto anaitoa wapi? Wiki ya 3 tangu mimba kutungwa (kliniki wanahesabu toka hedhi ya mwisho, kwa hiyo kwao ni ya 5), mama wengi hata hawajajijua. Wakati huo damu ya kwanza inatengenezwa nje ya mwili wa mtoto, kwenye kifuko kidogo kilichoning'inia tumboni pake, kile ambacho kwa kuku kinashika ute wa njano wa yai. Zinatokea seli nyekundu kubwa kubwa, bado zina kiini katikati. Siku ya 22 hivi moyo unaanza kudunda na kuzisukuma.

Hizo ni za kuvukia tu. Zile za kudumu zinazaliwa baadaye kidogo, wiki ya 4 na ya 5, kwenye ukuta wa mshipa mkuu unaopita mgongoni. Baadhi ya seli za ukuta wenyewe zinajikunja, zinakuwa duara, zinabanduka na kudondoka ndani ya mkondo. Hizo ndizo seli shina, mama wa seli zote za damu atakazokuwa nazo mtu mpaka anazikwa. Ni chache sana. Zinaelea, zinatafuta pa kufikia, na pa kufikia ni ini. Wiki ya 5 mpaka ya 6 zinatua pale na kuanza kuzaana.

Na ini linapokea wageni kwelikweli. Ifikapo wiki ya 9 limekuwa kama asilimia 10 ya uzito wote wa mtoto. Mimi na wewe maini yetu hayafiki asilimia 3. Nafasi tumboni inakuwa finyu kiasi kwamba utumbo unasukumwa nje, unaingia kwenye kamba ya kitovu na kukaa humo wiki kadhaa kabla ya kurudi ndani. Sababu moja kubwa ya ini kuvimba hivyo ni damu.

Mgosi wa Bumbuli:

Mkuu shikamoo. Nimesoma mpaka hapo nikaita mke wangu naye asome. Ila shuleni tulifundishwa damu inatengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Kwa nini isianzie huko moja kwa moja, mpaka izunguke kwenye ini?

Fundi Slaidi:

Marahaba mgosi. Mwalimu wako hakukosea, ila wiki ya 6 karibu hakuna mfupa mgumu. Mifupa mingi bado ni gegedu, laini kama ile ya ncha ya sikio. Mpaka mfupa ugande, utobolewe na mishipa, upate uwazi ndani, ndipo uboho upate pa kukaa. Uboho unaanza kazi kidogo kidogo wiki ya 10 mpaka ya 12, na unashika usukani mwezi wa 7. Katikati hapo, mwezi wa 3 mpaka wa 6, kazi kubwa iko kwenye ini, na bandama nayo inatia mkono.

Kwa nini ini na si kiungo kingine? Tazama njia ya damu. Mshipa unaoleta damu safi kutoka kwenye kondo unaingia kwenye kitovu na kwenda moja kwa moja upande wa ini. Ini ndilo la kwanza kupokea hewa safi na chakula, tena mishipa yake ni mipana na mwendo wa damu ni wa polepole. Seli inayotaka kutua na kuzaa, hapo ni pahala pake. Juu ya hayo, homoni inayoamrisha seli nyekundu zitengenezwe, ambayo mtu mzima huitoa kwenye figo, kwa mtoto wa tumboni inatolewa na ini hilohilo.

Ukipata bahati ya kutazama kipande cha ini hilo kwenye hadubini utaona kitu ambacho mimi sijakichoka. Katikati kuna seli moja kubwa, makrofaji, imenyoosha mikono yake. Kuizunguka kuna seli nyekundu changa, zimejibana ubavu kwa ubavu kama watoto wa chuo waliomzunguka maalim mkekani. Zilizo karibu kukomaa zinasukuma kiini chao nje, na makrofaji anakipokea na kukila papo hapo. Seli ikishatoa kiini inabaki nyororo, inaweza kujikunja na kupita kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Aliyevieleza vikundi hivi ni Mfaransa Marcel Bessis, mwaka 1958, akaviita visiwa.

Mzee wa Raskazone:

Wanangu, babu yangu mzaa mama alikuwa tabibu Pangani, akitibu kwa vitabu vya Kiarabu. Alikuwa akitwambia ini ndiyo jiko la damu, chakula kinaingia kinapikwa kinatoka damu. Nilipokwenda shule mwalimu akacheka darasa zima likacheka. Leo nasoma hapa, nimekaa kimya muda.

Fundi Slaidi:

Mzee wangu, shikamoo. Babu yako alirithi elimu kubwa. Galen wa zamani za Warumi alifundisha hivyo, Ibn Sina naye akafundisha hivyo, na dunia ikawafuata zaidi ya miaka elfu. Uongo ulikuwa kwa mtu mzima: chakula hakigeuki damu ndani ya ini. William Harvey mwaka 1628 alionyesha damu inazunguka, ileile inakwenda na kurudi, na hesabu ya ini kupika damu mpya kutwa ikashindikana. Mwaka 1868 Ernst Neumann, Mjerumani, akaonyesha ni uboho. Lakini kwa mtoto aliye tumboni ini kweli ni jiko la damu. Mwalimu asingecheka, angewaeleza lini.

Binti Tongoni:

Kaka, asante. Sasa huyo binti ya dada ale maini au asile? Maana mimi niko miezi minne na kwetu ni hayohayo.

Fundi Slaidi:

Hongera dada, Mungu akufikishe salama.

Mama mkwe ana nusu ya ukweli. Mtoto hachukui damu yako, anachukua malighafi, kubwa ni madini ya chuma. Mimba nzima inahitaji kama gramu 1 ya chuma, yaani miligramu 1,000, na karibu 300 zinakwenda kwa mtoto na kondo. Ini lake linafanya kazi usiku na mchana na linavuta chuma hata kama wewe umepungukiwa. Kwa hiyo mama kuishiwa damu ni jambo la kweli, linaua wakati wa kujifungua, na wakwe zetu wameliona kwa macho yao.

Maini yana chuma kingi. Yana pia vitamini A ya wanyama nyingi mno, na ikizidi inaweza kumdhuru mtoto anayeumbika, hasa miezi ya mwanzo. Uingereza wanawaambia wajawazito wasile maini kabisa. Mimi kwa mtoto wa dada yangu nimesema maini ya kila siku basi. Vile vidonge vya kuongeza damu wanavyotoa kliniki, vyenye chuma miligramu 30 mpaka 60 na foliki asidi 0.4, ndivyo vya kumeza kila siku, hata vikikupa choo cheusi na kichefuchefu. Dagaa, maharage, kisamvu, matembele, halafu chungwa la Muheza juu yake, maana uchachu unasaidia chuma kuingia. Chai ya rangi isogeze mbali na mlo, inazuia. Na udongo wa kutafuna, dada yangu, uache. Hamu yake mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimeshapungua, kapime.

Mama mkwe nimemweleza hivyohivyo. Alinisikiliza, akasema, "Basi dagaa nitamtafuta mimi."

Mkunga wa Duga:

Mleta uzi umenifurahisha. Naomba niongeze la kwangu, nimezalisha miaka mingi. Hizo seli chache zinazopenya ulizozitaja mwanzo, kwa mama mwenye kundi hasi (Rh hasi, kama O hasi au A hasi) si jambo dogo. Wakati wa kujifungua damu kidogo ya mtoto inaingia kwa mama. Mtoto akiwa chanya, mwili wa mama unatengeneza askari dhidi ya damu ile. Mimba ya kwanza kwa kawaida inapita salama. Mimba ya pili, mtoto akiwa chanya tena, wale askari wanavuka kondo na kuvunja damu ya mtoto kwa kasi.

Nimempokea mtoto wa namna hiyo mara moja. Tumbo limejaa, nilipoweka mkono ini lilikuwa limeshuka mpaka karibu na kitovu. Sikulielewa wakati ule. Leo kwa uzi huu ndiyo naelewa lilikuwa linafanya nini.

Fundi Slaidi:

Mama, umegusa penyewe. Ini lile lilikuwa linapigana. Damu inavunjwa, nalo linatengeneza nyingine usiku na mchana, linavimba, linatoa hata seli ambazo hazijakomaa. Ini halisahau kazi hii. Hata kwa mtu mzima, uboho ukiharibika kwa baadhi ya maradhi, ini na bandama huanza tena kutengeneza damu.

Na kinga ipo tangu 1968, sindano ya anti-D. Mama mwenye kundi hasi aliyezaa mtoto chanya achomwe ndani ya saa 72. Akina mama, kundi lenu la damu liko kwenye kadi ya kliniki. Likiandikwa hasi, ulizieni sindano hii mapema, si siku ya kujifungua.

Mama Nasri:

Mimi si mchangiaji, huwa nasoma tu. Mwanangu alizaliwa kilo tatu na nusu, mzuri, mnene. Akiki yake watu walimbeba wakamsifu. Miezi saba vidole vya mikono na miguu vikavimba, analia hashikiki. Wakaniambia jicho. Nimezunguka kwa watu mpaka pesa ya biashara ikaisha. Alipofika mwaka na nusu ndipo akapimwa, selimundu. Swali langu, kama ugonjwa ni wa kuzaliwa nao, ulikuwa wapi miezi saba yote?

Fundi Slaidi:

Mama Nasri, pole sana dada yangu. Swali lako ndilo kiini cha uzi huu wote, nami nitalijibu lote.

Seli nyekundu imejaa himoglobini, kitu kinachobeba hewa safi. Himoglobini ya mtu mzima imesukwa kwa nyuzi za aina mbili, alfa na beta. Lakini mtoto akiwa tumboni hatumii ya mtu mzima. Seli zinazotoka kwenye ini lake zimejaa himoglobini ya kichanga, alfa na gama. Hii inashika hewa kwa nguvu kuliko ya mama, na lazima iwe hivyo, maana kwenye kondo ni yeye anayeivuta kutoka kwa mama.

Kasoro ya selimundu iko kwenye uzi wa beta. Gama haina kasoro. Kwa hiyo Nasri tumboni alikuwa salama, na alipozaliwa sehemu kubwa ya himoglobini yake, kama watoto wote, ilikuwa bado ile ya kichanga. Kwa kawaida wanazaliwa nayo asilimia 60 mpaka 80. Baada ya hapo gama inapungua kila mwezi na beta inachukua nafasi. Inapofika miezi mitano, sita, saba, ngao imeshuka. Seli zinaanza kujikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na pa kwanza kuonekana mara nyingi ni vidole vya mikono na miguu. Daktari Janet Watson kule Brooklyn, Marekani, aliliona hili mwaka 1948: watoto wachanga wenye kasoro hii walikuwa na seli chache sana za mundu kwenye damu, akasema himoglobini ya kichanga ndiyo inayowakinga.

Ugonjwa haukuja siku ya akiki. Hakuna jirani aliyemtazama mwanao vibaya. Na wewe hukukosea kitu.

Watu wengine wanadhani mabadiliko haya yanatokea kwa sababu kazi imehama ini ikaenda kwenye mifupa, au kwa sababu mtoto kazaliwa. Hapana. Yanafuata umri wa mtoto tangu kutungwa, na ini na uboho vinabadilika kwa pamoja. Njiti aliyezaliwa miezi saba anaendelea na himoglobini ya kichanga kama vile bado yuko tumboni. Mwaka 2008 watafiti wa Boston walionyesha jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayozima gama. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayoizima BCL11A kwenye seli shina za mgonjwa, ili gama irudi. Marekani bei yake ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Najua tulipo, sikuandikii hivyo kukuumiza. Nakuandikia kwa sababu dawa ya haidroksiyurea, ya kumeza, nayo inafanya kazi kwa kuamsha gama ileile, na miongozo mingi inaruhusu kuianza tangu miezi 9. Muulize daktari wa Nasri, asiipate bila kufuatiliwa damu.

Na ukibeba mimba nyingine, kama wewe na baba yake wote mna nusu ya kasoro (jeni moja mbovu na moja nzima, bila kuugua), kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na ugonjwa. Mtoto akizaliwa mwambie mkunga. Apimwe kwa kipimo kinachotenganisha himoglobini. Kile cha kutazama tu kama seli zinajikunja kinaweza kusema hana wakati anao, kwa sababu hiyohiyo ya ngao.

Mwana wa Amboni:

Kwa nini sisi watu wa pwani ndio tuna selimundu sana? Ndugu zangu wa juu Lushoto huwasikii.

Fundi Slaidi:

Malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba nusu ya kasoro hii imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za baridi. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba mwenye nusu hiyo anaikwepa malaria kali. Palipo na mbu wengi, nusu hiyo ikabaki na kuongezeka.

Mgosi wa Bumbuli:

Mkuu, swali la mwisho kwangu. Hizi seli zenye kiini umewahi kuziona mwenyewe kwa mtoto wa hapa, au ni za vitabuni?

Fundi Slaidi:

Nimeziona, na mara ya kwanza nilikosea.

Mwaka wangu wa pili kazini, zamu ya usiku, ililetwa damu ya njiti wa miezi saba na kidogo. Mama yake alikuwa na presha kali ya mimba. Nikaiingiza kwenye mashine, seli nyeupe zikasoma 40,000. Sikutengeneza slaidi. Usingizi, foleni, basi nikaandika na kutoa majibu. Wodini wakamwambia mama mtoto ana maambukizi makubwa kwenye damu. Yule mama alilia mpaka alfajiri.

Asubuhi mkubwa wangu wa kazi, marehemu sasa, Mungu amrehemu, akauliza slaidi iko wapi. Sina. Akatengeneza mwenyewe, akapaka rangi, akaniambia kaa hapa. Nikaona seli za duara zenye kiini cheusi kilichokaza kama punje ya pilipili manga, na mwili wa rangi kati ya buluu na waridi. Hazikuwa seli nyeupe. Zilikuwa nyekundu changa, zimetoka kabla ya wakati. Presha ya mama ilikuwa imemnyima mtoto hewa tumboni, ini likaamrisha damu zaidi, zikatoka mbichi. Mashine haikujua, ikahesabu kila chenye kiini kuwa seli nyeupe.

Akanihesabisha. Kwa kila seli nyeupe 100 palikuwa na changa 60. Ndipo akanifundisha hesabu: 40,000 mara 100, gawa kwa 160. Seli nyeupe za kweli ni 25,000, na kwa mtoto wa saa chache hizo ni za kawaida.

Nilikwenda wodini mwenyewe kumwambia yule mama. Sikutuma karatasi.

Binti Tongoni:

Na yule mtoto?

Fundi Slaidi:

Alikaa wodini wiki kadhaa, kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Siku ya nane niliomba tone moja kisiginoni, nikatengeneza slaidi kwa mkono wangu na kukaa nayo dirishani. Nilihesabu seli nyeupe 100. Katikati yake nikakuta changa moja tu yenye kiini.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama yake pale nje anamkamulia maziwa kwenye kikombe. Akaniuliza, "Leo hesabu inasemaje?"